Sura ya Tano: Nani Aanze Kusema?

Kikao kilianza saa tatu na nusu asubuhi, siku ya Jumanne, na saa nne haijagonga kilikuwa kimeshakwisha. Tulikuwa watu wanane, ghorofa ya nne, katika kampuni moja ya Dar es Salaam ambayo sitaitaja. Tulikuwa tunatengeneza mfumo wa vikundi vya kukopeshana: mwanachama analipa, mfumo unasoma malipo, deni linapungua. Bosi wetu, mtu mpole asiyependa makuu, alisimama kando ya ubao akasema, "Mimi naona kuunganisha na benki ni kazi ya wiki mbili. Nyie mnaonaje?"

Tukaona hivyohivyo. "Sawa, bosi." Mmoja wetu hata akaongeza kwamba tukikaza buti huenda zikapungua.

Saa saba tulishuka kwa mama lishe, nyuma ya jengo, penye mabenchi mawili na meza ya kitambaa cha plastiki. Wali haujapakuliwa, kijana mdogo kuliko wote, aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo kutoka chuoni, akasema kama anayejisemea: "Lakini ile benki si hawajatupa hata ruhusa ya kujaribu kwenye mfumo wao?" Dada aliyekuwa akisimamia majaribio akajibu kwamba barua ilipelekwa mwezi uliopita na haijajibiwa. Mwingine akakumbuka kwamba kazini kwake kwa zamani, benki hiyohiyo iliwasotesha miezi mitatu. Juisi ya ukwaju ilipofika tulikuwa tumeshaafikiana, bila kura wala mwenyekiti, kwamba wiki mbili ni ndoto, kwamba busara ni kuanza na malipo ya simu, na kwamba hakuna atakayekwenda kumwambia bosi.

Kazi ilichukua wiki 11.

Nimesimulia kisa hiki mara nyingi na watu hucheka, maana kila mwenye ofisi ana mama lishe wake. Woga wetu haunishangazi sana. Kinachonikereketa mpaka leo ni kwamba bosi yule aliamini kabisa ametushirikisha. Aliuliza. Alitamka "mnaonaje". Alikuwa amehudhuria semina ya siku mbili kuhusu uongozi wa utumishi, na cheti chake kilining'inia ukutani nyuma ya kiti. Kosa lake lilikuwa dogo kiasi cha kutoonekana: alitaja namba kwanza, akauliza baadaye. Sura hii yote inaizunguka ile pumzi moja aliyovuta kati ya namba na swali.

*

Neno lenyewe linatutia taabu. Mtumishi, kwa Kiswahili chetu, ana sura tatu. Yuko mtumishi wa ndani, anayeamka kabla ya wote na kula baada ya wote. Yuko mtumishi wa umma, unayemsubiri dirishani mpaka amalize chai. Na yuko mtumishi wa Mungu, ambaye siku hizi anatembea na walinzi. Mwambie mkuu wa idara awe kiongozi mtumishi, naye atachagua mmoja kati ya hao. Kwa uzoefu wangu, wengi huchagua wa kwanza kwa maneno na wa tatu kwa vitendo.

Robert Greenleaf hakuwa na yeyote kati yao akilini. Alikuwa Mmarekani aliyetumikia kampuni ya simu ya AT&T karibu miaka 40, akijishughulisha na namna mameneja wanavyofundishwa, na mwaka 1970, akiwa ameshastaafu, aliandika insha iliyolipa neno hilo maana mpya. Alieleza kuwa wazo lilimjia aliposoma riwaya ya Hermann Hesse kuhusu kundi la wasafiri waelekeao Mashariki. Miongoni mwao yumo Leo, mbeba mizigo na mfanya kazi ndogondogo. Siku Leo anapotoweka, msafara unasambaratika. Baadaye sana msimulizi anagundua kwamba yule mbeba mizigo ndiye aliyekuwa mkuu wa jamii nzima iliyoandaa safari. Kutokana na hapo Greenleaf alitengeneza kipimo chake: waangalie wanaohudumiwa, uone kama wanakua, kama wanazidi kuwa na hekima na uwezo wa kujiamulia. Shikilia hilo la kujiamulia. Upole wa kiongozi hauthibitishi kitu. Bosi wetu alikuwa mpole.

Miaka 31 baada ya insha hiyo, mwezi Februari 2001, wataalamu 17 wa programu za kompyuta walikutana Snowbird, kituo cha mchezo wa theluji katika milima ya Utah, wakatoka na tamko fupi la kazi ya mtindo wa ajaili. Waliochoshwa na miradi ya miaka mitatu inayozaa kitu kisichotakiwa watawaelewa. Badala ya kupanga yote mwanzoni na kufungua pazia mwishoni, unajenga kipande, unamwonyesha mtumiaji, unasahihisha, unajenga kingine. Katika skramu, namna ya ajaili iliyoenea kuliko zote, kipande hicho hakizidi mwezi mmoja, timu kwa kawaida ni watu 10 au pungufu, na kila siku wanakutana dakika 15 kutazama wamefika wapi.

Watu hudhani siri ya ajaili ni kasi. Mimi naona jambo lililobadilika zaidi ni hesabu ya maamuzi. Zamani maamuzi makubwa yalifanywa mara moja na wachache, kisha wengine wakatekeleza. Sasa yanamwagika kama mvua za vuli: hiki kiingie au kisubiri, kosa hili tulirekebishe leo au tuliache, mtumiaji huyu tumsikilize au ni wa pekee? Hakuna bosi, hata awe na akili za kuzaliwa mara mbili, anayeweza kuyapokea yote, kwa sababu anayeijua hali ya kila jambo ni yule aliyeligusa asubuhi hiyo. Ndiyo sababu skramu ikahitaji mtu wa namna nyingine, skramu masta, ambaye hatoi amri wala hapangi nani afanye nini. Mwongozo wa skramu wa mwaka 2017 ulimwita waziwazi kiongozi mtumishi. Toleo la 2020 likageuza maneno: viongozi wa kweli, wanaotumikia timu na taasisi. Nadhani waandishi walichoka kuona watu waliosoma "mtumishi" wakaishia kuagiza chai na kupanga kalenda.

*

Turudi kwenye ile namba. Mtu akishataja namba, akili za wengine hujifunga kamba kwayo na kuizunguka kama mbuzi kwenye kigingi. Akitaja wiki mbili, jasiri atasema tatu. Hakuna atakayesema 11. Na aliyetaja akiwa mkubwa, hata huyo wa wiki tatu hapatikani.

Mwaka 2002 James Grenning, mmoja wa wale 17 wa Snowbird, alipendekeza dawa inayofanana na mchezo wa watoto. Kila mwanatimu anapewa karata zenye namba, siku hizi mara nyingi 1, 2, 3, 5, 8, 13 na kuendelea. Kazi inasomwa, maswali yanaulizwa, kisha kila mmoja anachagua karata yake kimyakimya na kuilaza kifudifudi. Zote zinafunuliwa kwa pamoja. Hakuna aliyetangulia, kwa hiyo hakuna wa kufuatwa. Halafu, na hapa ndipo wengi wanapoharibu, hawajumlishi na kugawanya ili kupata wastani. Wanawaomba wawili waeleze: mwenye karata ndogo kuliko zote na mwenye kubwa kuliko zote. Huyu ameona njia ya mkato, au yule ameona shimo. Baada ya maelezo wanachagua upya.

Karata zinaitwa zana ya kukadiria. Kwangu ni zana ya kuhakikisha mtu wa mafunzo ya vitendo anasema jambo la benki akiwa bado ghorofa ya nne. Laiti siku ile tungekuwa nazo, yule kijana angeweka 13, na kanuni za mchezo zingemlazimisha kueleza. Asingehitaji ushujaa. Kiongozi anayesubiri vijana wawe mashujaa ndipo wamwambie ukweli atasubiri sana.

*

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka mahali ambapo kila kitu kilikuwa kimeshaharibika. Tarehe 1 Oktoba 2013 serikali ya Marekani ilifungua tovuti ya HealthCare.gov, ambako wananchi wa majimbo 36 wangenunua bima ya afya chini ya sheria aliyoisaini Rais Obama mwaka 2010. Mamilioni wakaingia. Siku ya kwanza, waliofanikiwa kujiandikisha mpaka mwisho walikuwa 6. Sijasahau sifuri, walikuwa sita.

Wakandarasi 55 walikuwa wameshiriki katika ujenzi wake. Kila mmoja alikuwa na mkataba wake, kipande chake, na sababu nzuri ya kusema kwamba kipande kibovu ni cha jirani. Mwezi huohuo wahandisi wachache kutoka kampuni za teknolojia waliitwa kusaidia, akiwemo Mikey Dickerson, aliyeomba likizo Google. Pale hakuwa bosi wa mtu. Hakuweza kumfukuza mkandarasi wala kumwongezea malipo. Alichokuwa nacho ni kikao: kikao cha kusimama, mara mbili kwa siku, katika kituo cha uendeshaji mjini Columbia, Maryland. Akakiwekea masharti matatu na kuyabandika ukutani.

La kwanza: hapa tunatatua matatizo, na anayetaka kutafuta mchawi aende kwingine, nafasi ziko tele. La tatu: tunashughulikia yatakayotuumiza ndani ya siku moja au mbili zijazo, mengine yasubiri. Lakini lile la pili ndilo lililobadilisha chumba. Anayepaswa kusema ni anayelijua zaidi jambo husika, siyo mwenye cheo kikubwa kuliko wote. Na mhandisi akijikuta ameketi kimya huku wakubwa wasioelewa wanasema kwa niaba yake, Dickerson alitaka aambiwe.

Fikiria maana yake kwa makamu wa rais wa kampuni aliyesafiri na mhandisi wake. Amezoea kusimama, kurekebisha tai, na kusema "tunalifanyia kazi". Sasa anatazamwa kwa upole na kuulizwa: nani hasa aliyeandika sehemu hiyo, na yuko hapa? Huyo asimame. Anasimama mtu mwenye macho mekundu ambaye hajalala, anasema ukurasa unakwama kwa sababu hii na hii, na mwingine wa kampuni pinzani anasema basi kumbe ndiyo maana kwetu kunajaa. Uamuzi unapatikana kabla ya tai kurekebishwa.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo halisimuliwi sana. Wahandisi hao walipofika hawakukuta mahali pamoja panapoonyesha hali ya tovuti: wamo watu wangapi, ukurasa unafunguka kwa sekunde ngapi, makosa yanatokea wapi. Kila kampuni ilikuwa na habari zake. Wakatengeneza ubao wa vipimo unaoonekana na wote. Pasipo na vipimo vya pamoja, mabishano huamuliwa na vyeo, kwa sababu hakuna kitu kingine cha kuyaamulia. Watu wakishatazama kioo kimoja, hoja ya fundi inapata pa kusimama. Anayetaka kuitumikia timu yake katika maamuzi aanze hapo kabla ya kusoma kitabu chochote cha uongozi, hiki kikiwemo.

Kufikia tarehe 1 Desemba makosa zaidi ya 400 yalikuwa yamerekebishwa na tovuti iliweza kubeba watu 50,000 kwa wakati mmoja. Mwaka uliofuata Dickerson aliombwa kuongoza idara mpya ya huduma za kidijitali ya serikali hiyo.

Sharti lake la kwanza lilikuwa na kina kuliko linavyoonekana. Miaka ya 1990 mtafiti Amy Edmondson alichunguza timu za wauguzi na madaktari akitarajia kwamba timu nzuri zitakuwa na makosa machache ya dawa. Takwimu zikamgeukia: zilizoongozwa vizuri ndizo zilizoandikisha makosa mengi zaidi. Alipochimba akaelewa kwamba huenda hazikuwa zikikosea zaidi. Watu wake walithubutu kusema. Kwa hiyo ukitaka kujua kama timu yako inaamua kwa ukweli, usihesabu mikono iliyonyooshwa. Jiulize nini kilimpata mtu wa mwisho aliyeleta habari mbaya. Timu nzima inakumbuka hata kama wewe umesahau.

*

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Tumelelewa hivyo, na sidharau malezi hayo. Yamewaokoa watoto wengi wasiingie mtoni. Ila mwaka 1999, ndani ya nyambizi ya jeshi la majini la Marekani, methali hiyo iligeuka juu chini.

Nahodha David Marquet alikuwa amejiandaa kwa takriban mwaka mzima kuongoza nyambizi nyingine. Dakika za mwisho akahamishiwa USS Santa Fe, ya aina tofauti, yenye sifa mbaya kuliko zote katika kundi lake. Hakujua kila swichi, naye alikuwa amezoea kujua kila swichi. Siku moja, katika mazoezi, waliigiza kwamba kinu cha nyuklia kimezimika na chombo kinakwenda kwa mota ndogo ya umeme. Nahodha akaagiza mwendo upandishwe hadi theluthi mbili. Ofisa wa zamu akairudia amri. Mshika usukani akabaki anahangaika kitini. Mota ile, katika nyambizi ile, haikuwa na mwendo wa theluthi mbili. Nahodha akamwuliza ofisa kama alilijua hilo. Alilijua. Mbona basi ameirudia amri? Kwa sababu nahodha ndiye aliyeamuru.

Guu lilikuwa linakwenda kuvunjika kwa kusikia la mkuu.

Marquet aliacha kutoa amri karibu zote. Badala yake maofisa walianza kumjia na neno moja: nakusudia. Nakusudia kuzamisha chombo. Mwanzoni yeye alijibu kwa maswali: je, tuko kwenye maji yetu, kina kinatosha, watu wote wako ndani? Baadaye wakaanza kuyajibu kabla ya kuulizwa, kisha ikabaki yeye kutikisa kichwa tu. Nyambizi iliyokuwa ya mwisho ikaja kupata alama za juu kabisa katika ukaguzi, na baadhi ya maofisa wake wakawa manahodha.

Hebu lisikilize neno hilo kwa Kiswahili. Ofisi zetu zinaendeshwa kwa "naomba". Naomba kubadilisha seva. Naomba kuahirisha toleo. Naomba kumpigia mteja. Ni adabu, na sitaki tuiache. Lakini "naomba" hubeba uamuzi na kuupandisha ngazi mpaka kwa mtu asiyejua seva hiyo inaishi wapi, naye hukaa nao siku nne. "Nakusudia" linaubakiza uamuzi mikononi mwa mwenye habari, na bado linaacha mlango wazi kwa mkubwa kusema subiri. Timu moja niliyofanya nayo kazi ilipata njia ya katikati inayotufaa sisi tuliofundwa kupiga hodi: "Wakuu, nakusudia kufanya hivi, kwa sababu hii, mwenye pingamizi anijulishe kabla ya saa nane." Saa nane ikipita, kazi inaendelea. Utashangaa jinsi pingamizi zinavyokuwa chache, na jinsi zile zinazokuja zinavyokuwa za maana.

Marquet mwenyewe husisitiza kwamba hakugawa mamlaka kama njugu. Alihakikisha kwanza watu wanaijua kazi na wanajua chombo kinaelekea wapi. Hapa nyumbani tuna historia ya kilichotokea pale ahadi ilipotangulia mengine yote. Waraka wa Rais namba 1 wa mwaka 1970 ulianzisha halmashauri za wafanyakazi katika mashirika ya umma ya Tanzania, na Mwongozo wa 1971 wa TANU, chama tawala cha wakati huo, katika kifungu cha 15 kilichokuja kuwa maarufu, ukamkataza kiongozi kuwa na majivuno, dharau na ukandamizaji. Ni kiongozi mtumishi, kwa lugha ya chama. Wafanyakazi wakakiamini. Lakini halmashauri zilikuwa na sauti ya kushauri tu. Neno la mwisho lilibaki pale lilipokuwa. Kati ya 1971 na 1973 migomo ikafuatana viwandani, kifungu cha 15 kikisomwa mbele ya mameneja. Wapo wanaokitazama kipindi kile na kusema kwamba wafanyakazi hawakuwa tayari. Mimi naona kwamba mtu aliyeambiwa "uamuzi ni wenu" kisha akagundua ni wa kushauri huumia kuliko aliyeambiwa tangu mwanzo "naamua mimi".

Ndiyo maana kiongozi mtumishi mzuri husema mapema na waziwazi uamuzi huu ni wa aina gani. Jurgen Appelo, mwandishi wa Kiholanzi wa mambo ya umeneja, ameupanga ugawaji wa mamlaka katika ngazi saba, kuanzia "naamua nawaambia" hadi "amueni, hata msiniambie". Sihitaji zote saba. Tatu zinanitosha: naamua mimi nikishawasikia, tunaamua pamoja, mnaamua nyinyi. Bosi wetu angesema, "Bodi imeshaahidi wiki mbili, mimi sina la kufanya, tutafute cha kupunguza," tungempa mawazo 20 palepale. Jeff Bezos, katika barua yake kwa wanahisa wa Amazon ya mwaka 2015, alitofautisha maamuzi ambayo ni mlango wa kuingia na kutoka na yale ambayo ukishaingia hutoki. Mengi ya timu ya ajaili ni ya mlango wa kwanza: ukikosea, wiki ijayo unarudi. Hayo yaachie timu bila hofu. Yale machache yasiyo na kurudi, kama kufuta kumbukumbu za wateja, yanastahili kikao kirefu.

*

Na wasipokubaliana? Kimbilio letu ni kura. Wengi wape, usipowapa watachukua kwa mikono yao. Methali nzuri kwa siasa, mbovu kwa fundi. Kura ya saba kwa mmoja inawapa ushindi saba, hata kama yule mmoja ndiye pekee aliyeisoma barua ya benki. Timu nyingi za ajaili hutumia vidole badala ya kura: pendekezo likitolewa, kila mmoja ananyoosha vidole kati ya kimoja na vitano kwa mpigo. Vitano ni kwamba naliunga mkono kwa moyo wote, vitatu, naweza kuishi nalo, kimoja, hapana. Kisha mwenye kimoja ndiye anayesema kwanza. Akishasikika, pendekezo linaweza kupita bila mabadiliko, naye akalitekeleza kwa bidii ileile. Nimeliona hilo mara nyingi kuliko nilivyotarajia.

Nelson Mandela aliyaona haya ya kuafikiana bila kura akiwa mtoto, zamani kabla ya neno ajaili kuzoeleka kwetu. Ilikuwa miaka ya 1930 hivi. Katika tawasifu yake ya mwaka 1994 anasimulia mikutano ya Mqhekezweni, makao ya Jongintaba, kaimu mtawala wa Wathembu aliyemlea. Watu walifika wengi. Kila mwanamume alisema, mkulima na mwenye mifugo mingi, wengine kwa kuzunguka mbuyu, wengine wakimlaumu Jongintaba mwenyewe usoni. Yeye hakujibu. Alisikiliza mpaka jua likashuka, ndipo akasimama kuyakusanya yaliyosemwa na kutafuta yanakokutana. Yasipokutana, waliitisha kikao kingine. Mandela hakuficha upungufu wa mikutano ile: wanawake hawakuwa na sauti pale. Nami kila ninaposimulia sifa za baraza hujikumbusha kutazama nani hayumo duarani. Katika timu za programu mara nyingi ni dada wa huduma kwa wateja, anayepokea matusi ya kila kosa letu na haitwi kupanga chochote.

Kusema mwisho ni kugumu kuliko kunavyosikika. Miaka miwili baada ya kisa cha benki, mimi nilikuwa skramu masta wa timu nyingine. Nilikuwa na karata, vidole, ubao wa vipimo, kila kitu. Siku moja karata zilipofunuliwa, kijana mmoja alianza kujieleza, akanitazama, akababaika, akasema, "Basi, tuweke tu 5." Baada ya kikao mwenzangu akanivuta pembeni. "Kaka, mdomo umeufunga, lakini uso wako umeshasema."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nakunja kipaji kwa kila namba kubwa. Tangu hapo nilijizoeza kuandika wakati wa maelezo, macho kwenye daftari, na kuhesabu pumzi kabla ya kuuliza swali. Kimya kinauma. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, ila hawakusema mkuu wa kikao anajisikiaje akiusubiri mshindo huo. Pumzi ya nne, ya tano, mtu anakohoa, feni inazunguka. Mara nyingi nilitamani kuokoa hali kwa mzaha.

Alhamisi moja tulikuwa tunakadiria kazi ya kutuma ujumbe mfupi kwa wakopaji waliochelewa. Karata zikafunuliwa: 3, 3, 2, 3, 5, 3, na 13. Ya 13 ilikuwa ya dada wa huduma kwa wateja, ambaye tulikuwa tumeanza kumwalika wiki hiyohiyo. Nikaandika. Nikahesabu pumzi. Kwenye ya sita akasema namba nyingi za simu kwenye mfumo wetu si za wakopaji wenyewe. Ni za waume, za wadogo zao, za jirani mwenye simu. Ujumbe wa deni utamfikia mtu asiyepaswa kujua kuna deni. Akaeleza kwa dakika nane hivi, na mfano wa mama mmoja aliyepiga simu analia. Tulilaza karata upya mara mbili, kisha kazi ile tukaigawa vipande vitatu, cha kwanza kikiwa kuhakiki namba.

Saa saba tulishuka kula. Kwa mama lishe hakuna aliyezungumzia kazi. Yanga ilikuwa inacheza na Simba Jumamosi.